Kosa la Klachi, Lawama kwa Gia

Msafiri aendaye Soroti kutoka Mbale, akiisha kuuacha mji nyuma na majabali ya Wanale upande wake wa kuume, hufika Nakaloke mapema mno, kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza stendi, na kwa sababu hiyo wengi wapitao njia ile hawapajui mahali pale ila kwa kupaona dirishani. Nami nilikuwa katika jamaa hao hadi alasiri moja ambapo gari langu dogo la Kijapani, lenye umri wa kijana wa kuoa, lilikataa katakata kuingia gia ya kwanza mbele ya kibanda cha mkaanga chapati, ilhali nyuma yangu kamunye iliyojaa abiria ilikuwa ikipiga honi kana kwamba honi ndiyo dawa.

Maradhi yale hayakuzuka ghafula. Tangu Jinja, nilipokuwa nikijikokota nyuma ya matela ya miwa yaendayo Kakira, nilihisi pedeli ya klachi imelegea chini ya mguu mfano wa godoro lililochoka. Nilipopita Iganga gia ya pili ikaanza kulia. Na kufikia mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma nilikuwa nikiingiza kila gia kwa nguvu za bega. Katika mji mmoja wa njiani, nisioutaja, kijana wa gereji alilisikiliza gari kwa muda wa dakika mbili, akatikisa kichwa kama tabibu aliyekata tamaa, akahukumu kwamba giaboksi imekufa na haina budi kushushwa, kisha akataja bei iliyonikausha mate. Nikakataa, wala sitadai kwamba nilikataa kwa hekima, kwani nilikataa kwa ufukara.

Pale Nakaloke vijana walilisukuma gari hadi chini ya mwembe, kwa makanika mmoja mzee ambaye kila apitaye humwita Hajji. Nilimwamkia kwa "mulembe" ya kwao, akaitikia, akanawa mikono yake polepole, na wala hakufungua boneti.

"Zima moto, mwanangu," akasema. "Haya, sasa ingiza gia."

Nikaingiza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata ya tano na ile ya kurudi nyuma, zote zikaingia pasi na ukinzani.

"Washa. Ingiza tena."

Zikakataa zote.

"Basi giaboksi yako nzima. Ugonjwa uko kati ya mguu wako na klachi."

Jaribio hilo halina gharama wala halihitaji spana, na kila dereva wa gari la gia za mkono angelijua, mafundi wengi wangepoteza riziki ya haramu. Maana iwapo gia huingia kwa wepesi injini ikiwa imezimwa, na hukataa injini ikiwa inanguruma, basi hitilafu haimo katika gia zenyewe. Na iwapo huwa ngumu katika hali zote mbili, hapo ndipo mtu atazame fimbo na kebo zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi, au giaboksi yenyewe. (Mara mojamoja meno hukutana kichwa kwa kichwa hata kwenye gari zima, lisukume gari kidogo, kisha ujaribu tena, usije ukamsingizia asiye na kosa.)

Ili msomaji aelewe kwa nini, sharti ajue kazi ya klachi. Injini haijui kusimama, ikisimama, imezimika. Magurudumu nayo lazima yasimame kila mahali penye mtu, mbuzi au askari wa barabarani. Baina ya hawa wawili wasiopatana pamewekwa msuluhishi: sahani nyembamba ya duara, iliyofunikwa pande zote mbili kwa vitambaa vigumu vya kukwaruza, ambayo hubanwa kati ya gurudumu zito la injini, yaani flaiwili, na bamba la presha lenye springi kali. Mguu ukiwa mbali na pedeli, springi huibana sahani, nayo huzunguka pamoja na injini na kuipelekea giaboksi nguvu zote. Mguu ukikanyaga, beringi moja huzisukuma ncha za springi, bamba huachia, na sahani hubaki ikielea pasipo kushikwa na yeyote. Ni katika nafasi hiyo ndogo sana, isiyofikia hata unene wa sarafu, ndimo gia hubadilishwa.

Kwa hiyo klachi ina maradhi mawili makubwa, nayo yamepingana kama homa na baridi, ijapokuwa watu huyaita yote kwa jina moja la "klachi mbovu". La kwanza ni klachi isiyokata: umekanyaga hadi chini, lakini sahani bado imeshikwashikwa, inaendelea kuzunguka na kuzizungusha gia pamoja nayo, nazo hukataa au hulia. La pili ni klachi inayoteleza: umeachia kabisa, lakini sahani haishikwi sawasawa, injini inapaza sauti na gari haliendi. Anayetibu la kwanza kwa dawa ya la pili atanunua sahani mpya na kurudi nyumbani na ugonjwa wake wa zamani.

Kuteleza hujulikana mlimani. Nendeni mkatazame malori yakipanda Kapchorwa, au yale yapakiayo kahawa na vitunguu katika miteremko ya Elgon kupita kiasi kilichoandikwa mlangoni: mshale wa injini unapanda, mwendo unashuka, na harufu ya kuungua, kali, inayofanana na ya karatasi na nywele zilizotiwa moto pamoja, inaingia ndani. Mwenye shaka na ajaribu nyumbani: mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa barabara, aingize gia ya tatu, akanyage mafuta kidogo, kisha aachie klachi taratibu. Injini ikizimika mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hapakutokea jambo, sahani imelika, au imepakwa oili iliyovuja kutoka mwisho wa injini. Asilirudie jaribio hilo kwa kuwaonyesha majirani, kwa kuwa kila mara anaichoma sahani.

Hapo kwenye oili watu wa bodaboda hubisha. Wao hujua kwamba klachi ya pikipiki huogelea katika oili na hufanya kazi miaka na miaka, basi iweje oili iwe sumu kwa gari? Jawabu ni kwamba klachi ya pikipiki ina sahani nyingi ndogo zilizotengenezwa makusudi kwa kuishi majimajini, ilhali ya gari aghalabu ni sahani moja kavu, na tone likiipata huanza kutetemeka gari linapoondoka, kisha kuteleza.

Maji nayo yana hujuma yake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua ilipofurisha mito ya Mbale, Nabuyonga na Namatala, na kuchukua roho za watu, magari nayo yalizama. Gari lililolowa namna hiyo likaachwa bila kuendeshwa, sahani yake huweza kushikana na flaiwili kwa kutu. Mwenyewe akija kuliwasha, akikanyaga hakuna kinachoachana. Huyo ana klachi isiyokata, wala haina uhusiano wowote na pampu.

Lakini katika siku za kawaida, klachi isiyokata ni shauri la pampu au la kebo. Katika magari ya kebo, waya hurefuka na kuchakaa uzi kwa uzi. Mguu husafiri safari ndefu kabla haujakutana na uzito wowote. Mwendo huo mtupu wa juu ya pedeli lazima uwepo, aghalabu milimita 10 hadi 20, ingawa kila gari lina kipimo chake kitabuni: ukizidi, klachi haikati; ukikosekana kabisa, klachi huwa imekanyagwa nusu mchana na usiku, ikateleza. Katika magari ya pampu, pampu ya juu huyasukuma mafuta ya breki, nayo huisukuma pampu ya chini iliyoko ubavuni mwa giaboksi. Mafuta hayakubali kubanwa, na ndiyo sababu yanaaminiwa kazi hiyo; hewa hukubali, na ndiyo sababu kipovu kimoja huweza kula safari nzima ya mguu. Ukikanyaga mara tatu nne kwa haraka na gia ikaingia, shuku hewa au mipira ya pampu. Tena mafuta yale huvuta unyevu angani, hivyo huharibika hata yasipovuja, na mwenye kuongeza oili ya injini humo kwa sababu mafuta ya breki yamekosekana, mipira yote itavimba, naye atakuwa amenunua pampu mbili kwa bei ya kikombe cha oili.

Yapo makosa ambayo ni ya gia kwa haki, nami sitaki kuzitakasa kupita kiasi. Gia moja ikilia peke yake, aghalabu ya pili, na nyingine zote zikiingia vyema, klachi haina hatia, kwani klachi haichagui gia. Pete ya kusawazisha mwendo ya gia hiyo ndiyo iliyolika. Pete hizo zililetwa sokoni na Cadillac ya Marekani mwaka 1928. Kabla yake, na katika malori kwa miaka mingi baadaye, dereva alizisawazisha gia kwa miguu na masikio yake: akanyage klachi, atoe gia, aachie, apandishe injini kidogo, akanyage tena ndipo aingize. Madereva wa kale walijivunia sanaa hiyo, na ingali inafaa kumfikisha nyumbani mtu ambaye pete yake imekufa njiani. Oili nayo huchangia. Oili ya gia yenye alama ya GL-5 ina dawa za salfa na fosforasi zinazofaa difu, lakini katika giaboksi nyingi zilizoandikiwa GL-4 huzifanya pete ziteleze, na baadhi hula shaba yake. Muuza duka atakwambia zote ni oili, nawe mwonyeshe kitabu. Gia ikichomoka yenyewe ukiachia mafuta, tazama kwanza mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Na mkono wa gia ukiwa unayumba kama kijiko ndani ya uji, ni vikombe vidogo vya viungo vyake. Wenye Peugeot 404 za zamani, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne kati ya 1963 na 1968, wanakumbuka fimbo ile ya kwenye usukani na vile viungo vyake vilivyodai kutiwa grisi.

Kelele pia husema kweli. Ikisikika unapokanyaga na kunyamaza unapoachia, ni ile beringi ya kusukuma springi. Ikisikika gari likiwa fri, mguu uko mbali, na ikanyamaza unapokanyaga, ni beringi za ndani ya giaboksi.

Tuurudie mwembe. Hajji alipofungua boneti hatimaye, alikiendea kikopo kidogo cha mafuta, ambacho sikuwahi kukitazama tangu nilinunue gari lile. Kilikuwa kitupu, na chini ubavuni mwa giaboksi pampu ya chini ilikuwa imelowa na kushika vumbi. Aliifungua kwa spana mbili, akauchomoa mpira usiozidi ncha ya kidole gumba, akaniwekea kiganjani: ukingo wake ulikuwa umechanika mahali pamoja, mchaniko mwembamba kama wa ukucha. Kijana akatumwa mjini Mbale kwa bodaboda, akarudi na mpira mpya na chupa ya mafuta ya breki, vyote kwa bei isiyoweza kulisha watu wanne chakula cha mchana. Kisha tukatoa hewa: mimi kitini, Hajji chini ya gari na bomba la plastiki lililotumbukizwa katika chupa ya maji ya kunywa. "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Mimi nashikilia, yeye anafungua nati, chupa inabwabwaja, mafuta yanatoka meusi mithili ya kahawa, anafunga, ndipo ananiruhusu kuachia. Mara kumi na kitu tukafanya hivyo, mpaka yakatoka meupe yasiyo na povu, na pedeli ikaanza kuwa na uzito wa kitu chenye uhai. Yaliyomwagika kwenye rangi aliyaosha upesi kwa maji, kwani mafuta hayo huila rangi.

Nilipokuwa nikihesabu pesa, aliinama mlangoni akaitazama sakafu ya gari, akagusa pedeli mbili kwa kidole. Mpira wa breki ulikuwa bado na mistari yake. Wa klachi ulikuwa laini kama kokoto la mtoni, na pembeni chuma kilikuwa kimeanza kuonekana.

"Hii haikuliwa na kazi," akasema. "Imeliwa na mguu unaolala hapa. Mguu huo, taratibu, unaila beringi na sahani. Safari ijayo hutakuja kununua mpira."

Nikaahidi. Gia ya kwanza ikaingia kwa sauti ndogo tu, ya pili vivyo hivyo, na nikashika njia ya Bukedea kabla ya magharibi, upepo ukiingia dirishani, moyo ukiwa mweupe. Sijafika mbali sana, nadhani hata kilomita tano hazikutimia, nilipotazama chini: mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha panda peke yake, umelala juu ya klachi.