Sasisha, huisha na boresha: vitenzi vitatu vya mwenye kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakizifikia kila mwezi. Mwenye kompyuta alibaki na njia mbili kuu: kujiandikisha katika mpango wa nyongeza unaoendelea kumpa marekebisho hayo kwa muda, au kuuacha mfumo wenyewe na kwenda Windows 11. Hayo ni matendo mawili yaliyo mbali kabisa, ila katika maandishi mengi ya Kiswahili yote mawili huitwa kwa kitenzi kimoja, mara *sasisha*, mara *boresha*, kadiri kalamu ya mfasiri ilivyoelekea.

*Sasisha* kimetokana na *sasa*, kikaongezewa kiambishi cha kutendesha. Maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha sasa, kiende na wakati. Wapo wanaokikataa kwa hoja kwamba viambishi vya namna hii huambikwa kwenye sifa, kama katika *safi* na *safisha*, *imara* na *imarisha*, ilhali *sasa* ni kielezi. Hoja hiyo ina mantiki lakini haina nguvu. Kitenzi kimekwisha kuzaa ukoo wake: *sasishwa*, *jisasisha*, *usasishaji* kwa maana ya tendo, na *sasisho* (wingi *masasisho*) kwa maana ya kile kinacholetwa. Neno lililozaa kiasi hicho haliwezi tena kuitwa mgeni.

Nchini Tanzania, hasa katika lugha ya ofisi, *kuhuisha* nacho hutumika sana kwa maana hiyo. Asili yake ni *hui*, yaani kurudia uhai, na ndiyo maana hukaa vizuri panapozungumzwa taarifa zilizopitwa na wakati au leseni iliyokwisha muda. Kwa programu za kompyuta kinaleta utata wa aina mbili. Kwanza, programu nyingi siku hizi hulipiwa kwa mwezi au mwaka, na msomaji anayeambiwa ahuishe programu anaweza kudhani anadaiwa ada. Pili, umbo *huisha* linafanana herufi kwa herufi na kitenzi *isha* kilichotanguliwa na *hu-* ya mazoea. Kitufe kilichoandikwa “Huisha kila mwaka” kinaweza kusomwa kuwa ni amri ya kufufua au taarifa ya kukoma! Katika sentensi ndefu muktadha huokoa. Kwenye kitufe hakuna muktadha. Basi *huisha* kiachiwe taarifa, leseni na usajili.

*Boresha* ndicho chenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kinaonekana hakina kosa. Kila marekebisho hudai kuboresha jambo fulani, hata yale ya kuziba tundu dogo la usalama. Kitenzi kinachofaa kila mahali hakimsaidii mtu kuchagua. Hapa inafaa kuazima msamiati wa wachapaji vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, kisha likaja toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kusahihisha kosa la chapa ndani ya toleo lile lile ni jambo moja. Kutoa toleo jipya ni jingine. Windows 10 iliyotiwa masasisho yote bado ni Windows 10. Kutoka hapo kwenda Windows 11 ni *kuhamia toleo jipya*, na kila aliyewahi kuhama nyumba anajua kwamba kuhama kuna masharti: kompyuta iwe na kichakataji kinachokubaliwa, chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, kwa uchache. Mwalimu mwenye chumba cha kompyuta za zamani akiambiwa tu “sasisha”, atabonyeza, atangoje, na pengine ataamini kuwa kazi imekwisha. Akiambiwa “hamia”, atauliza kwanza kama mashine zake zinaweza.

Tofauti hii iliwahi kuonekana kwa gharama kubwa. Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu katika Windows. (*Kiraka* ni neno la fundi cherehani, nalo linafaa mno hapa.) Tarehe 12 Mei mwaka huo programu haribifu ya WannaCry iliupitia udhaifu huo huo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia katika nchi nyingi duniani; nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kufuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Wenye Windows 7 walikuwa na kiraka kwa miezi miwili. Walichokosa ni kusasisha. Wenye Windows XP walikuwa na shida nyingine, kwani huduma ya mfumo wao ilikwisha Aprili 2014, na kiraka cha wazi kwa watu wote hawakukipata ila kwa dharura, baada ya shambulio kuanza. Hao wasingeambiwa “sasisheni” mwezi Machi, maana hapakuwa na cha kusasishia. Walihitaji kuwa wamehama siku nyingi.

Limebaki suala la njeo, ambalo wafasiri hulipita haraka. “Kompyuta inasasishwa” na “kompyuta imesasishwa” hutofautiana kwa silabi moja, lakini ya kwanza inamwonya mtumiaji asizime mashine, na ya pili inamruhusu. Ujumbe wa namna ya “usasishaji wa kompyuta”, usio na njeo yoyote, haumwambii lolote kati ya hayo mawili. Panapokuwa na nafasi ya maneno machache tu, kitenzi chenye *-na-* au *-me-* kipewe nafasi hiyo kabla ya nomino.