Kikombe cha Bwana Sijambo

Nilipoombwa na uongozi wa mtaa kukipitia kichekesho cha kifua kikuu kabla hakijaonyeshwa, nilifika mazoezini na kalamu nyekundu, nikidhani nitakabidhiwa maandishi. Hapakuwa na maandishi. Kama ilivyo desturi ya vichekesho vingi hapa nchini, waigizaji hukubaliana mfuatano wa matukio, nani aingie na nani atoke, na maneno huzaliwa jukwaani. Basi mimi, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, nikaketi kwenye benchi la shule na kalamu yangu mfukoni.

Mwongozaji ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye sauti ambayo bado hunyamazisha watoto wa watu. Mhusika mkuu, Bwana Sijambo, huigizwa na kijana wa bodaboda; hata akikohoa hadi kushika ukuta, akiulizwa hali hujibu, "Sijambo!" Mkewe ni mama lishe anayefika mazoezini na harufu ya moshi wa kuni, na hakuna anayemzidi kwa kunyamaza mpaka watu wacheke kabla hajatamka neno. Karibu na mlango, penye mwanga, hukaa fundi cherehani anayeshona maleba kutokana na nguo za mitumba. Yeye haigizi. Kwa siku mbili za mwanzo sikumsikia akisema lolote.

Tukio lililopendwa kuliko yote lilikuwa hili: Bwana Sijambo anaingia kwenye baraza la kahawa, anakohoa mara moja, na wazee wote wanatimua mbio, vigoda vichwani. Tulicheka sana. Nami nilicheka, nakiri.

Fundi akasimamisha cherehani. "Mwalimu," aliuliza kwa upole, "na mimi nikikohoa mtakimbia?"

Hatukujua kwamba aliwahi kuugua. Alitumia dawa kwa miezi sita, makohozi yake yakapimwa tena, akaambiwa amepona. Lakini nyumbani alitengewa kikombe, na kikombe kile kiliendelea kukaa peke yake kwenye kona ya kabati hata baada ya dozi kwisha. Alieleza hayo bila kulia, akikata uzi kwa meno. (Ameniruhusu kuandika habari hii pasipo jina lake.) Mimi niliyekuja kusahihisha nilikuwa nimetega sikio kwa dalili na dozi tu, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kilitajwa sawasawa, nikaridhika. Kwamba kicheko chenyewe kilimwangukia mgonjwa, sikuona.

Mwalimu hakujitetea. Alinyamaza, kisha akavunja mazoezi mpaka kesho yake.

Wajuzi wa sanaa za maonyesho hapa nchini walikwisha kulitafakari suala hili zamani. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha tungwa. Wanakijiji wenyewe ndio waliochunguza matatizo yao, wakachagua la mimba za wasichana wadogo, wakalitungia mchezo, wakauonyesha na kuujadili. Sisi watu wa afya mara nyingi hufanya kinyume: hukikodi kikundi, tukakipa ujumbe kumi wa kusemwa kwa nusu saa, kisha tukashangaa watu wakiondoka na wimbo tu.

Kesho yake fundi aliletewa kiti katikati ya duara. Wazee bado wangekimbia, ila safari hii mmoja angetumbukia katika beseni la unga wa maandazi, na wote wangerudi mmoja mmoja, kwa aibu, kwa kuwa kahawa wameiacha kwa Bwana Sijambo. Kikombe nacho kikapewa nafasi: mama lishe anakitenga kabatini, na mtoto wa nyumba, kila akipewa maji, anakwenda kuchukua kilekile.

Fundi akaongeza jambo ambalo mimi nisingethubutu kulipendekeza. Siku ya kwanza ya dawa, alisema, alitoka chooni akitetemeka, akiamini amerogwa, maana mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ni kazi ya rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Hubadili rangi ya mkojo, na wakati mwingine ya jasho na machozi, bila madhara. Yeye hakuambiwa mapema. Ndivyo Bwana Sijambo alivyopata tukio la kukimbia chooni huku akishika suruali kwa mkono mmoja, akiwataja maadui zake wote kwa majina.

Onyesho lilifanyika Jumamosi alasiri chini ya mwembe. Mtoto alipokwenda kabatini mara ya tatu, kicheko kilianza kwa nguvu, kisha kikapungua chenyewe. Katika mjadala bibi mmoja alisimama, akauliza kama ni kweli kikombe hakina hatia. Nilimjibu kwamba kifua kikuu huenezwa kwa njia ya hewa, mtu mwenye ugonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza; hakienezwi kwa kikombe wala sahani. Nikaeleza pia kwamba vipimo na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na kwamba mgonjwa asiache dawa kwa sababu tu kikohozi kimekwisha. Bibi alinisikiliza kwa adabu, kisha akageuka kumtazama mwanamke mwingine aliyeketi mbali kidogo na jamaa zake. Sikuuliza ni nani.

Niliporudi nyuma ya shuka lililotumika kama pazia, fundi alikuwa akihesabu maleba. Kanzu moja ilipungua. Kijana wa bodaboda alikuwa amepata abiria, akaondoka akiwa bado Bwana Sijambo.