Fahamu: Kabla ya kulaumu moduli, pima waya

Kiwandani, kipimo kikionyesha namba ya ajabu, lawama huiangukia kwanza moduli ya kudhibiti mitambo. Ni haraka mno. Ishara nyingi za viwandani husafiri kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20, na sifuri ya kipimo iliwekwa kwenye 4 makusudi: mkondo ukishuka hadi 0, tatizo ni waya uliokatika au umeme usiofika, si tangi tupu. Kwa hiyo kupima mkondo huo hujibu mengi kabla moduli haijaguswa. Wapo watakaosema moduli nazo huungua. Kweli, hasa radi ikipiga. Lakini hamishia waya kwenye chaneli jirani ya aina ileile (mtambo ukiwa umesimamishwa, bila shaka). Hitilafu ikifuata waya, moduli haina kosa.

Hayo ni ya ishara zinazoingia kwenye moduli; upande wa kutoa amri ni mgumu zaidi. Machi 28, 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, taa ilionyesha tu kwamba vali imeamriwa kufunga. Waendeshaji wakaamini imefunga, kumbe ilibaki wazi kwa zaidi ya saa 2, maji ya kupozea yakipotea. Ndiyo maana swichi ya kuthibitisha kwamba vali imefunga inafaa ikae kwenye vali yenyewe, si kwenye waya wa amri.