Baiskeli Baada ya Kuanguka: Kuchunguza na Kurekebisha

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mtihani, nakosa wanafunzi wawili watatu kwenye vipindi vya jioni. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Mwalimu, baiskeli imelala kwa fundi." Kama unakaa kilomita nane kutoka shuleni, baiskeli kulala kwa fundi siku kumi ni vipindi vingi vya marudio kupotea. Lakini yuko pia yule asiyekwenda kwa fundi kabisa. Ameanguka mtaroni jana, ameinua baiskeli, amenyoosha usukani, na leo anateremka mlimani kwa kasi akiwa amebeba mdogo wake kwenye keria. Huyo ndiye ananitisha zaidi. Makala haya ni kwa ajili ya wote wawili, na humo njiani utarudia mada za nishati, kani, unyumbufu na sauti. Mtihani wa Fizikia utaujibu kwa Kiingereza, ndiyo, lakini jambo usilolielewa kwa lugha unayoiota usiku hutalieleza vizuri kwa lugha nyingine.

Kwanza, jikague wewe kabla ya baiskeli. Mwili uliopata mshtuko hauhisi maumivu sawasawa kwa dakika kadhaa. Kaa kando ya barabara. Kama uligonga kichwa na unaona kizunguzungu au kichefuchefu, usipande tena siku hiyo. Tafuta mtu akupeleke kituo cha afya.

Sasa tuone nini kimetokea. Chukua baiskeli ya kilo 20 inayokwenda mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mwanafunzi aliyechelewa namba. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara kasi ya pili: nusu ya 20 mara 25, sawa na jouli 250. Gurudumu la mbele likipiga ukingo wa mtaro na baiskeli ikasimama ndani ya sentimita 10, kani ya wastani ni 250 gawa kwa 0.1, sawa na nyutoni 2,500. Hiyo ni sawa na uzito wa mifuko mitano ya saruji ya kilo 50, na hapo hatujamhesabu mpandaji. Nishati hiyo haipotei. Inakwenda kukunja chuma, nyingine kwenye joto na kelele, nyingine kwenye goti lako. Kwa hiyo swali la fundi mzuri ni hili: zile jouli zimeingia wapi? Ukianguka kwa mbele, zifuate kuanzia gurudumu la mbele kwenda nyuma: ringi, foki, kisha fremu pale inapokutana na foki. Ukianguka ubavu, tafuta kwenye pedali, ncha ya usukani, breki na kiti.

Usukani uliopinda upande ndio huwashtua wengi, na kumbe ndio uharibifu mdogo kuliko wote. Shingo ya usukani imebanwa tu ndani ya foki. Ikipata pigo huteleza, na kuteleza huko huokoa vitu vingine. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu katikati ya magoti, shika usukani na uuzungushe mpaka ulingane na gurudumu. Ukigoma, legeza bolti ya juu mizunguko miwili, weka kipande cha mbao juu yake ugonge taratibu kwa nyundo, nyoosha, kisha kaza. Lakini angalia bomba lenyewe la usukani. Kama limekunjika na ni la aluminiamu, usilinyooshe, badilisha. Sababu naieleza hapa chini.

Sehemu ya kuangalia kwa macho mawili ni foki na fremu. Weka baiskeli juani, futa vumbi, kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na lile bomba fupi la mbele linalopitisha shingo ya foki. Unatafuta uvimbe, mkunjo, au rangi iliyojikunja na kupasuka. Rangi haijikunji bure. Chuma kilicho chini yake kimekunjika. Fanya hivyo hivyo kwenye bomba la juu. Halafu tazama foki kutoka ubavuni. Ikirudi nyuma, gurudumu husogea karibu na pedali, na ukikata kona ncha ya kiatu hugonga tairi. Kama jirani ana baiskeli ya aina hiyo hiyo, zisimamishe sambamba ulinganishe. Mwisho inua sehemu ya mbele, zungusha usukani kulia na kushoto. Ukiwa mwepesi mahali pamoja na mzito mahali pengine, shingo ya foki huenda imepinda au gololi zake zimeumia.

Kipo kipimo cha uzi ambacho nakipenda kwa sababu hakigharimu kitu. Funga uzi kwenye nati ya gurudumu la nyuma upande wa kulia, uvute hadi mbele, uzungushe kwenye bomba fupi la mbele, urudi nao hadi nati ya kushoto. Ukaze. Sasa pima kwa rula umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita mbili hivi si neno. Ikizidi sana hapo, fremu imepinda, na baiskeli itavuta upande mmoja hata ukibadilisha magurudumu yote. Utaona hii ni jometri ya pembetatu pacha, hakuna zaidi.

Je, chuma kilichopinda kinyooshwe? Hapa rudi kwenye Sheria ya Hooke. Ukikivuta chuma kidogo na kukiachia, hurudi kilivyokuwa. Ukipita kikomo cha unyumbufu, hubaki kimepinda. Ukikinyoosha, umekipitisha kikomo mara ya pili. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua pale pale; baada ya mara kadhaa kinakatika mkononi. Chuma cha pua cha baiskeli kama Phoenix kinavumilia kunyooshwa mara moja, kama mkunjo ni mdogo na hakuna ufa. Aluminiamu haivumilii hivyo. Hupata nyufa ndogo usizoziona, kisha hukatika ghafla, bila kukuaga. Kwa hiyo foki au usukani wa aluminiamu uliokunjika hubadilishwa. Foki yoyote yenye ufa hubadilishwa, hata ya chuma, hata kama fundi anasema atachomelea. Na akitaka kuipasha foki moto mkali ili aikunje kwa urahisi, mkatalie: joto jingi hulegeza chuma na linaweza kuharibu shaba iliyounganishia mabomba. Nasema hivi nikijua foki mpya ni pesa ambayo nyumbani labda haipo mwezi huu. Basi tembea kwa miguu mwezi huu.

Gurudumu ni jambo jingine. Hili unaweza kulifanya mwenyewe. Pindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani, zungusha gurudumu, shika chaki karibu na ringi bila kuligusa. Mahali chaki inapogusa ndipo ringi imevutwa. Kabla ya kukaza chochote, gonga spoku moja moja kwa kucha na usikilize. Mada ya sauti inasema uzi uliokazwa zaidi hutoa sauti ya juu zaidi, na spoku ni uzi wa chuma. Spoku za upande mmoja zinapaswa kulia kwa sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito imelegea; isiyolia imekatika au iko karibu. Baiskeli nyingi zina spoku 36 kila gurudumu, na zile za mizigo za mtindo wa zamani zina 32 mbele na 40 nyuma, hivyo usichoke kuhesabu.

Nusu ya spoku huvuta ringi kulia na nusu huvuta kushoto. Kama ringi imekwenda kulia, legeza za kulia zilizo mahali hapo robo mzunguko, kaza za kushoto robo mzunguko, zungusha, tazama tena. Ukiitazama nati ya spoku kutoka upande wa tairi, kukaza ni kwenda mwelekeo wa saa. Wanafunzi wengi hukosea kwa haraka: hukaza mzunguko mzima, wakaharibu na pale palipokuwa pazuri. Robo, tazama. Robo, tazama. Ringi iliyokunjika kama tandiko la punda hainyooki kwa spoku. Ukibahatika kuirudisha kwa kuilalia na kuikandamiza, ichukulie ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Breki zije baada ya ringi, maana kwenye ringi iliyopinda breki haziwezi kurekebika. Kama ni za fito, hakikisha hakuna fito iliyokunjika na kwamba raba zinagusa ringi pande zote mbili kwa pamoja. Kama ni za waya, tafuta mahali ganda lilipovunjika. Minya kwa nguvu, sukuma baiskeli mbele; gurudumu lisizunguke.

Mengine ni ya haraka. Shika mikono miwili ya pedali uitikise: mmoja ukicheza peke yake, kotapini yake imelegea au imepinda. Pedali iliyokunjika utaijua kwa unyayo kuyumba kila mzunguko. Kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha mwelekeo wa saa, kinyume na ulivyozoea. Kwa baiskeli za gia zilizoangukia kulia, tazama kwa nyuma kama kile kibebeo cha cheni kimeingia ndani. Ukiweka gia nyepesi kikiwa hivyo, kitanasa kwenye spoku na kukata kila kitu.

Ukimaliza, endesha polepole kwenye tambarare bila mzigo, kisha kesho yake kaza nati zote tena.

Jipime. (a) Baiskeli ile ile ya kilo 20 ingekwenda kilomita 36 kwa saa, nishati mwendo ingekuwa kiasi gani, na kwa nini si mara mbili tu ya ile ya kwanza? (b) Eleza kwa nini spoku iliyolegea hutoa sauti nzito. (c) Mwenzako amenyoosha foki ya aluminiamu na inaonekana nzima. Mwandikie sentensi tatu za kumshawishi asiipande, ukitumia maneno kikomo cha unyumbufu.