Kivuli Kisicho cha Moyo

"Sasa mama, lala kifudifudi."

Akanikazia macho. "Mwanangu, robo saa nzima nimelala chali, mikono kichwani. Kwani picha haikutoka?"

Ilitoka. Ila ukuta wa mbele wa moyo ulififia, alipopumzika na hata baada ya dawa ya kupanua mishipa ya moyo. Hivyo ndivyo kovu linavyoonekana. Nami sikuliamini.

Kamera yetu ya gama haitoi miale, inaipokea. Mgonjwa huchomwa teknishiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila saa 6, imefungwa kwenye dawa inayofuata damu hadi kwenye misuli ya moyo. Damu ikifika, hapo panang'aa. Mshipa ukiziba, panafifia. Lakini miale hutozwa ushuru njiani: kila sentimita 4 na nusu hivi za nyama humeza nusu yake. Titi zito hutia kivuli ukuta wa mbele. Kwa wanaume, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo huufifisha ukuta wa chini. Kompyuta haijui titi wala kitambi.

Wenye mashine mpya huongeza siti skani ya mionzi kidogo. Hiyo hupima nyama iliyopo kila mahali, kisha kompyuta inarudisha kilichomezwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vijiti vya gadoliniamu-153. Ni njia nzuri, ila ina hila yake. Siti skani hupigwa kwa sekunde chache, kamera yetu huchukua dakika nyingi huku mtu akipumua. Picha mbili zisipokaa sawasawa, ukuta wa pembeni wa moyo huangukia penye pafu, kompyuta ikadhani hapo hakuna cha kurudisha, na tundu likazuka kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa moyo. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza kama zimelaliana.

Kwetu siti skani hiyo haipo. Tunamgeuza mtu. Kifudifudi titi hubanwa na kusogea, na kivuli cha titi husogea nalo, kovu halihami. Kulala hivyo nako huweza kuzua kivuli chake, kwa hiyo picha zote mbili husomwa pamoja. Tena kuna nyaya za kifuani zinazogawa kila pigo la moyo vipande 8: ukuta unaonenepa vizuri kila ukijikunja si wa kovu.

Wake ulinenepa. Na alipogeuka, mbele kukang'aa.

"Nina ugonjwa?"

"Daktari ndiye atakayesoma, mama."

Akajifunga khanga. "Na chai? Tangu jana mmeninyima."

Chai huizuia dawa ile isipanue mishipa, lakini kazi yake ilikuwa imeshakwisha. Nikamwambia anywe birika zima.