Chora bei ya mpunga kabla ya kuuza

WAKULIMA wengi wa Ifakara hukumbuka bei ya mwaka jana kwa kichwa tu. Nunua daftari la miraba. Kila Jumamosi weka nukta ya bei ya gunia la mpunga, kisha unganisha nukta hizo. Gunia liwe la kipimo kimoja. Ukichanganya na lumbesa, mchoro utakudanganya.

Baada ya misimu michache utaona umbo la bonde: bei huzama wakati wa mavuno, kuanzia Mei, kisha hupanda taratibu hadi mwanzoni mwa mwaka. Wajapani walikuwa na soko kubwa la mchele Dojima, Osaka, lililotambuliwa rasmi mwaka 1730, na michoro ya bei iitwayo mishumaa inasemekana ilianzia katika biashara hiyo.

Bei ikigusa kiwango kilekile mara mbili tatu bila kushuka zaidi, hiyo ni sakafu. Ikitoboka, ulizia kulikoni. Mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru na bei ikaanguka. Waliokuwa wamehifadhi wakisubiri ipande waliumia. Daftari halioni meli bandarini. Hivyo uza kwa mafungu, na kabla ya kuhesabu faida toa gharama ya ghala, dawa na mpunga ulioliwa na panya.