Nyumba inauzwa, mwenyewe bado yumo ndani

NI saa 1.30 asubuhi siku ya Jumanne, Tabata Kimanga, Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba yuko uani anakaanga maandazi ya watoto, mara geti linagongwa. Nje amesimama dalali na watu watatu ambao hakuna aliyewatarajia.

"Shikamoo mama. Tunaangalia mara moja tu, hawa wanawahi kazini."

Mama anafungua, maana nyumba inauzwa na mteja hafukuzwi. Watu wanapita sebuleni na viatu, wanagonga kuta kwa vidole, wanafungulia bomba la jikoni na kuliacha likichuruzika, kisha wanasukuma mlango wa chumba ambamo baba mwenye nyumba bado anafunga vifungo vya shati. Baada ya dakika tano wameondoka. Hawakuuliza bei wala hawakurudi tena.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusoma hapa bei za mahindi, saruji na nondo. Wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi huiuza mara moja tu katika maisha yao, na mara nyingi huiuza wakiwa wamebanwa. Muuza nondo hufunga ghala jioni akaenda kulala. Anayeuza nyumba anayoishi hulala ndani ya ghala, na wateja wanamkuta humo humo.

Mwenye nyumba ile ya Kimanga ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, ambaye amekubali tueleze habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Mwaka 2022 mzigo wake ulichelewa bandarini, gharama za kuuhifadhi zikapanda, na marejesho ya mkopo yakamshinda. Nyumba ilikuwa rehani benki. Badala ya kungoja mnada aliamua kuiuza mwenyewe, alipe deni, na kinachobaki kiwe mtaji. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Taabu ilianzia kwenye namna ya kuutekeleza.

Aliita madalali sita, kwa hesabu kwamba wengi watauza haraka. Bei yake ilikuwa Sh. milioni 140. Ndani ya siku kumi kila dalali alikuwa ameweka cha juu chake. Mmoja alitangaza milioni 150 na mwingine 160, na wa tatu, aliyetaka kuwapiku wenzake, akawaambia watu kwamba mzee ana shida, atashuka hadi 135 au chini ya hapo. Jumapili moja makundi mawili yalikutana getini na mnunuzi akauliza mbele ya wote: "Mzee, hii nyumba ni 135, 150 au 160?" Mwenye nyumba anasema siku hiyo alitamani ardhi ipasuke.

Habari zilifika Kariakoo kabla ya yeye kufika. Jumla mbili zilizokuwa zikimpa bidhaa kwa mali kauli zikaanza kudai fedha taslimu. "Waliona nauza nyumba, wakajua nazama," anasema. Wengi hawalihesabu hilo mapema, kwamba tangazo la nyumba ni tangazo la hali yako pia. Kwa anayeishi kwa kuaminiwa madukani, hasara inaweza kuanza hapo, kabla nyumba haijapata mteja.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Binti yao alikuwa kidato cha nne akijiandaa kwa mtihani, na meza yake ya kusomea ilikuwa kwenye chumba ambacho kila mgeni alitaka kukipima kwa hatua. Mama mzazi wa mwenye nyumba, ambaye hushinda barazani, aliuliza kila jioni, "Kwani mwanangu tumefilisika?" Mke aliamka saa 10.00 alfajiri kudeki, kwa kuwa hakujua nani angekuja na saa ngapi. Mume akaanza kupata presha. Kila geti lilipogongwa wote walinyamaza.

Katika wiki ya tano ilikuja notisi ya benki. Kwa Sheria ya Ardhi, mdaiwa aliyeweka rehani hupewa siku 60 baada ya kupokea notisi ya aina hiyo, na zikipita bila kulipa benki inaweza kuuza. Kuanzia hapo kila mgeni aliyeondoka bila kusema neno alikuwa kama amebeba siku moja katika zile 60.

Wiki mbili baadaye, saa 2.00 usiku, alikuja mnunuzi mmoja na dalali wake. Hakutaka kuona vyumba. Alikaa, akanywa maji, akasema kwa upole, "Baba, nakuonea huruma. Nina milioni 85. Kesho saa 3.00 asubuhi tuko benki." Mwenye nyumba hakuwa amelala vizuri kwa siku nyingi. Alisema sawa.

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema maneno mawili: "Mimi sisaini."

Mnunuzi alicheka akidhani ni utani, lakini haukuwa utani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke huyo alikuwa amesaini wakati wa kuweka rehani, kwa hiyo alijua nguvu ya saini yake. Mume alikasirika siku mbili. Siku ya tatu wakakaa na kalamu.

Hesabu yao tunaiweka hapa kwa kuwa ndiyo habari yenyewe. Deni na riba vilikuwa Sh. milioni 62. Kwa milioni 85, na dalali yule aliyedai asilimia 10, wangebaki na milioni 14 na nusu hata kama wasingedaiwa kodi. Kwa fedha hizo familia ya watu sita ingepanga nyumba na kuzila kidogo kidogo. Mthamini aliyesajiliwa, ambaye walimlipa wiki ile ile, alisema thamani ya soko ni milioni 125. Mume alikuwa karibu kuuza uchovu wake kwa milioni 40.

Wakaandika bei ya mwisho kwenye karatasi: milioni 115. Wote wawili walitia saini, mke akaitunza. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayekubali bei yoyote usiku, wala siku ile ile iliyotajwa. Mnunuzi wa kweli angeambiwa, "Tutakujibu kesho saa 4.00." Maoni yetu ni kwamba karatasi hiyo iliwasaidia kuliko dalali yeyote. Bei ya chini inapaswa kupangwa kabla mtu hajachoka, kwa sababu akishachoka hapangi tena, anakubali tu.

Kisha wakatazama daftari. Mwenye nyumba, kwa mazoea ya dukani, alikuwa ameandika kila aliyekuja. Kwa wiki sita walikuja watu 43. Walioomba kuona nakala ya hati walikuwa wanne tu, na wote wanne walikuja Jumamosi au Jumapili. Wa asubuhi za kazi, waliovuruga maandazi na usingizi, hakuna hata mmoja aliyerudi. Baadhi, kama ilivyogundulika, waliletwa na madalali wanaotoza fedha kwa kila nyumba wanayomwonyesha mteja. Wageni wale walikuwa wanalipia matembezi.

Mpango mpya ukawa hivi. Dalali alibaki mmoja, kwa maandishi, bei moja bila cha juu, ujira asilimia 5 baada ya fedha kuingia. Kuangalia nyumba kukawa Jumamosi tu, kuanzia saa 10.00 hadi saa 12.00 jioni, kwa miadi. Binti akawa anahamia kwa shangazi yake Ijumaa na vitabu vyake. Mume ndiye aliyewapitisha wageni, naye mke alikwenda kwa jirani, kwani ndiye aliyeumizwa zaidi na maneno ya watu kuhusu jiko lake. Chumba cha kulala kilionyeshwa mwisho, kwa mgeni aliyekwisha kuuliza maswali ya maana.

Maswali ya maana yanajulikana. Asiye mnunuzi husifu vigae na kuuliza kwa nini mnauza. Mnunuzi huuliza mambo ya kuchosha: namba ya kiwanja, kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi lini, mpaka wa nyuma uko wapi, mvua kubwa maji yanafika wapi. Huyo wa pili akiuliza hata kwa sura ya kununa, mpe kiti.

Kuhusu hati yenyewe, ilikuwa benki. Mwanzoni mwenye nyumba alilificha jambo hilo, na kila lilipofichuka mteja alihisi ametapeliwa. Baadaye aliweka faili moja mezani: nakala ya hati iliyoandikwa kwa wino mwekundu "ya kuangalia tu", barua ya benki yenye salio la deni, stakabadhi za kodi ya ardhi na taarifa ya mthamini. Aliwaambia mapema kwamba fedha za mnunuzi zingeingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki iondoe rehani na kutoa hati, na mnunuzi afanye upekuzi wake kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa shilingi. Wadadisi walipungua na waliobaki walizungumza bei. Katika jiji ambalo kuta kibao zimeandikwa "Nyumba hii haiuzwi", mnunuzi ana haki ya kuogopa, na faili hujibu hofu hiyo bila mabishano.

Wapo waliojaribu kumtisha kwa mnada: wangesubiri benki iuze kwa bei ya kutupa. Hapa wauzaji wengi huishiwa nguvu bure. Sheria ya Ardhi inaitaka benki ipate bei bora inayowezekana, na ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo sokoni, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kwenda mahakamani. Mnada bado ni balaa, na kesi ni gharama. Lakini anayekijua kifungu hicho hatetemeki akitajiwa mnada.

Lipo pia jambo ambalo lilimtia hasira mume, nasi lilituchekesha. Bibi pale barazani alimweleza kila mgeni historia ya nyumba, pamoja na mvua zilizoleta maji hadi kwenye kibaraza. Mume alimsihi mama yake anyamaze. Bibi akajibu, "Nimezeeka, sina muda wa kusema uongo." Wiki ya kumi alikuja mwalimu mstaafu na mkewe, wakakaa na bibi nusu saa kabla ya kuingia ndani. Jumatatu walitaja milioni 120, kisha wakaomba wapunguziwe milioni 3 za kujenga mfereji wa kutoa maji. Jibu walipewa kesho yake saa 4.00: milioni 117.

Mauzo yalikamilika wiki ya kumi na moja, siku 60 zikiwa hazijaisha. Kodi iliwakuta wamejiandaa. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida, na msamaha wa makazi binafsi, kwa aliyeimiliki na kuishi humo miaka mitatu, haupatikani faida ikizidi Sh. milioni 15. Mke alikuwa ametunza stakabadhi za kiwanja, matofali, mabati na mafundi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Zilifika milioni 78. Faida ikawa milioni 39 na kodi Sh. 3,900,000.

Baada ya benki, kodi, na dalali aliyepata Sh. 5,850,000, walibaki na kiasi cha milioni 45. Milioni 20 zilikwenda dukani, na moja ya zile jumla mbili za Kariakoo imeanza tena kuwapa mali kauli. Kwa sasa wamepanga Kinyerezi, vyumba vitatu. Mume anasema bado hushtuka geti likigongwa.

Siku ya kusaini mbele ya wakili, mke wa mnunuzi aliomba apite Jumatano asubuhi kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Familia ilikuwa bado na wiki mbili za kuhama. Mama mwenye nyumba alimshika mkono kwa upole.

"Jumamosi dada yangu, saa 10.00. Utakuta na chai."